Kengele Isiyolia

Kwenye fomu ya vielelezo Koplo Isdory alikuwa ameandika hivi: "Kengele moja, ndogo, ya mbao. Mbovu. Hailii."

Inspekta Cresensia aliyasoma maneno hayo mara tatu. Ilikuwa siku yake ya tatu ya dozi ya mseto ya malaria, na kwa siku hizo tatu dunia yote ilikuwa ikimjia kana kwamba yeye amelala chini ya maji. Sauti za watu nje ya kituo zilimfikia zikiwa zimechelewa. Mwanga wa saa sita wa Kilindoni ulielea dirishani, hauingii wala hauondoki. Alikichukua kile kitu mezani, kikubwa kidogo kuliko kungumanga, akakitikisa karibu na sikio. Kweli, hakikulia.

"Isdory, hii si kengele."

"Wenyewe wanaiita kengele, afande."

"Wanaiita. Lakini ni nini?"

"Ni kile kidude cha mwisho wa kamba ya pazia. Unakishika, unavuta, pazia linapanda."

"Na wewe umekiandika kibovu kwa sababu hakilii."

Isdory akatazama dari. Alikuwa mtu wa Kigoma, mwaka wa pili sasa kisiwani, mchapakazi, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote kituoni. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu: mkono wake ulikimbia kuliko masikio yake.

Jalada lenyewe lilikuwa jembamba. Alhamisi, katika nyumba ya wageni ya Bwana Muhidini kule Kiegeani, kamera ya mtafiti Obed ilipotea. Obed alikuwa akihesabu samaki wa miambani ndani ya eneo la hifadhi, na kamera hiyo ya kupigia picha chini ya maji ilikuwa mali ya mradi wake. Alieleza kwamba saa sita aliiacha mezani chini ya dirisha, akashusha pazia, akafunga mlango kwa ufunguo, akaenda zake Kilindoni. Aliporudi saa kumi na mbili jioni, pazia lilikuwa limening'inia nusu ndani nusu nje ya nondo za dirisha, kengele ya kamba iko chini mchangani, na meza ni tupu.

Mtengenezaji wa pazia lile ni Sudi, mzaliwa wa Jibondo, ambaye siku hiyo alishinda hapo hapo akifunga mapazia chumba cha pili mpaka alasiri. Kwa maelezo ya Isdory, alasiri hiyo hiyo jirani mmoja aliliona pazia limeraruliwa. Isdory alimkamata Ijumaa, watu wakitoka msikitini, akamtembeza kijiji kizima hadi kwenye gari. Cresensia wakati huo alikuwa kitandani, meno yakigongana kwa homa, hana habari. Leo ni Jumatatu. Kesho saa tatu asubuhi Sudi anapandishwa kizimbani kwa wizi.

"Mlete," akasema Cresensia. "Na lile kopo lake la vifaa mlilochukua."

Sudi aliingia akiwa peku. Umri wake ulikuwa hamsini na kitu, mabega mapana, vidole vimejaa makovu ya bisu.

"Shikamoo, fundi," Cresensia akasema.

Isdory aligeuka kumtazama. Mahabusu hapewi shikamoo. Sudi naye alichelewa kuitika, kama aliyedhani ameamkiwa mtu mwingine nyuma yake.

"Marahaba, mwanangu."

"Hii ni yako?"

"Ni kazi yangu, ndiyo. Mti wa mkarati huo, vipande wanavyotupa waunda vyombo vya baharini kwetu." Akainama kuitazama bila kuigusa. Kisha akauliza polepole, "Mmeiokota hivi hivi? Nzima?"

"Nzima. Kwa nini?"

Sudi akaketi bila kuambiwa. Alifumba macho, na Cresensia aliona midomo yake ikitikisika kama mtu anayesoma dua.

"Mwanangu, kengele zangu ni vipande viwili. Kulia na kushoto. Katikati nimetia nta ya nyuki. Kila kipande kimeshika ncha yake ya kamba. Nipe moja humo koponi nikuoneshe, hiyo yenu iacheni."

Cresensia alimpa. Sudi akachomoa uzi koponi, akapitisha ncha moja huku na nyingine kule, akapiga mafundo, akaibana ile kengele viganjani mpaka nta ikalainika na kushika. Akampa Isdory ule mzunguko wa kamba.

"Vuta taratibu."

Isdory akavuta. Kengele ikatulia.

"Sasa vuta kama una hasira nami."

Isdory akavuta. *Tap!* Kengele ikapasuka pande mbili, kamba ikaachia, na koplo nusura aanguke na kiti.

"Mwaka juzi mjukuu wangu alinaswa shingo na kamba ya pazia," Sudi akasema. "Pazia nimelifunga mimi mwenyewe, kwa mkono huu. Mama yake alimwahi, Alhamdulillahi, lakini mtoto alikuwa kesha kuwa wa buluu. Tangu siku hiyo sifungi kengele isiyoachia. Basi niambieni. Huyo mwizi kavuta pazia langu mpaka kalitoa nje ya nondo, kamba ikamfuata, na kengele isipasuke? Kaibembeleza?"

Isdory alikuwa ameshajikusanya. "Afande, nta anayo mwenyewe. Angeweza kuiunganisha tena."

"Angeweza. Halafu akaitupa chini ya dirisha ili wewe uiokote?"

Cresensia alisimama, chumba kikayumba kidogo, akangoja kitulie.

"Fundi, una neno jingine?"

"Moja." Sudi alijitazama viganja. "Mimi kazi yangu ni madirisha ya watu. Naingia vyumba vya kulala, wenyewe wako shamba. Nikishaitwa mwizi, hata mkiniachia kesho kutwa, nani atanifungulia mlango? Mtakuwa mmenitoa mahabusu mkanifungia kisiwa kizima."

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, mkewe Somoe aliinuka na bakuli lake la wali alipomwona inspekta anatoka. Alikuwa amekaa pale tangu Ijumaa. Akiondoka usiku, asubuhi yupo. Alimtazama tu usoni, na Cresensia aliona haya, haya kabisa, akapanda pikipiki nyuma ya Isdory.

Kiegeani ilikuwa imelala. Minazi ilisimama kimya, jogoo mmoja aliwika akaacha katikati. Muhidini, mwenye nyumba ya wageni, aliwafungulia chumba huku akijifuta usingizi.

"Nani alilirudisha pazia mahali pake?" Cresensia akauliza.

"Mimi, afande. Mgeni alisema mwanga unamuumiza."

"Na ufunguo umeutoa wapi sasa hivi?"

"Bwana Obed ameniachia leo. Anajua mtakuja."

"Wa akiba uko wapi?"

Muhidini akasita. Isdory akamwona anavyosita, akanoa macho. "Wa akiba… upo na mke wangu."

"Mwite."

"Hayupo. Arafa yuko Tanga, arusini. Ana wiki ya pili."

"Mpigie."

Simu iliita muda mrefu. Kisha sauti ya mwanamke ikajaa chumba, nyuma yake ngoma na vigelegele. Ufunguo? Anao, upo kwenye kishada chake na funguo za kabati. Kwani nini? Na mumewe asithubutu kuligusa kabati lake! Muhidini alikata simu kwa aibu, na Isdory akafunga daftari lake kwa masikitiko.

Cresensia akabaki katikati ya chumba. Pazia la ukindu lilikuwa limeshushwa, na mwanga uliopenya kwenye misuko yake ulimwagika sakafuni kwa vijistari vyembamba vilivyotembea kila upepo ulipopumua. Kwa sekunde chache alisahau alichokuja kufanya. Alitamani kujilaza juu ya vijistari vile.

Akajikaza. Kamba ilitoka juu ya pazia, ikapita kwenye kapi dogo, ikafuata ukuta kupitia vipete vitatu vya shaba, ikaishia karibu na mlango, kwenye kijiti cha kuifungia. Hatua nne kutoka dirishani.

"Toka nje, Isdory. Ingiza mkono kwenye nondo. Gusa meza."

Mkono ukaingia. Ukagusa meza.

"Vuta pazia."

Ukalishika pazia upindoni.

"Sasa lipandishe."

Mkono ukapapasa hewa, ukanyooka, ukarudi. "Haiwezekani, afande. Kamba iko kule kwako."

"Basi wa nje anaweza kulirarua. Kulipandisha hawezi."

"Lakini halikupandishwa. Liliraruliwa. Shahidi kasema."

"Shahidi yuko wapi?"

Shahidi alikuwa nyumba ya tatu, barazani, akifunga kamba za mwani. Bi Mwanamkuu alizaliwa Kisiwa cha Bwejuu, akaolewa Kiegeani, na katika miaka yake sabini alikuwa amezika waume wawili na kuzika pia, kama alivyopenda kusema, hofu ya askari.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona macho yamekuingia ndani? Homa hiyo. Kaa."

Cresensia alikaa kwenye mkeka. "Nimekuja kukusomea maelezo yako, bibi. Useme kama ndivyo ulivyosema." Akafungua jalada. "'Siku ya Alhamisi adhana ya alasiri ikiadhiniwa nilipita nyuma ya nyumba ya Muhidini nikienda pwani. Nilikuta pazia la chumba cha mwisho limetekwa.'"

Bi Mwanamkuu aliacha kufunga mafundo.

"Lime nini?"

"Limetekwa."

"Na nani? Kuna vita?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, bibi. Tukaelewa limenyakuliwa na mwizi."

Bibi alicheka mpaka akashika ubavu. "Pazia likatekwa! Yarabi! Mimi nimesema lime*twekwa*. Limetwekwa, mwanangu, kama litwekwavyo tanga. Huvuti henza, ile kamba yake, likapanda juu? Ndiyo kutweka. Ukishalishusha, umelitua. Yule Sudi ni mtoto wa waunda vyombo, mapazia yake sote twatweka na kutua. Hivi bara nyie huwa mwasemaje?"

"Twasema kupandisha," Cresensia akajibu, na sauti yake mwenyewe ilimjia kutoka mbali.

Isdory alikuwa amesimama ameganda, kofia mkononi. Herufi moja. Katika mwandiko ule mzuri kuliko wote kituoni, *w* moja ilikuwa imeanguka njiani, na mtu akakaa mahabusu siku nne.

"Kwa hiyo alasiri pazia lilikuwa juu, zima, halina kasoro," Cresensia akasema.

"Juu kabisa."

"Ukaona ndani?"

"Nina macho, sikosi kuona. Namwona yule mgeni wenu, mpima samaki, kakaa kitandani. Shati limerowa, limemganda mwilini. Miguu ina mchanga. Kajishika kichwa hivi. Nikamwita, mwanangu, u mzima? Akainuka, akenda pale mlangoni, akalitua pazia."

"Bibi! Kwa nini hukumwambia askari haya?" Cresensia akauliza.

Bi Mwanamkuu akamtazama Isdory kwa huruma kidogo. "Hakuniuliza habari za mtu. Aliniuliza habari za pazia."

Cresensia alirudi chumbani peke yake kumngoja Obed. Hakutaka mwongo awe yeye. Aseme kweli, angefurahi kama angekuwa Muhidini, au hata Arafa wa Tanga na funguo zake. Yeye na Obed waliimba pamoja kwaya ya Jumapili. Ijumaa ile ile Sudi alipotembezwa kijijini, Obed ndiye aliyemletea Cresensia juisi ya ukwaju na kukaa kando ya kitanda chake akimsimulia habari za samaki wanaobadilika jinsia. Alikuwa mchangamfu siku hiyo. Sasa alikumbuka kwamba uchangamfu ule haukupumzika hata kidogo.

Akaenda mlangoni, akafungua kamba, akalitweka pazia. Chumba kikajaa mwanga.

Obed aliingia saa kumi, viatu mkononi. Alimwona inspekta, akaliona pazia juu, akasimama.

"Dada Cresensia. Umepona?"

"Bado. Alhamisi alasiri ulikuwa wapi, Obed?"

"Kilindoni. Nilishasema."

"Nani kakuona Kilindoni?"

"Watu wengi tu."

"Mtaje mmoja."

Obed alilamba midomo. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa na urefu wa chumba kile.

"Kuna aliyekuona wewe hapa," Cresensia akasema. "Kitandani pale, umerowa. Na hii," akaiweka kengele mezani, "ingetoka kwa kuvutwa ingekuwa vipande viwili. Uliifungua mafundo mwenyewe, ukaitupa. Hukujua siri yake. Sudi angekuwa mwizi angeipasua kwanza. Kamera iko wapi?"

Upepo uliinua upindo wa pazia ukaushusha. Obed aliketi kitandani, pale pale alipoonwa na Bi Mwanamkuu, akajishika kichwa vile vile.

"Iko chini," akasema. "Njia ya Jibondo, kwenye mkondo. Nilichukua mtumbwi peke yangu. Kamba yake ilichomoka mkononi. Niliiona inazama, dada. Maji yalikuwa safi, niliiona muda mrefu sana inakwenda chini, inawaka waka. Nikaruka. Nilizama mpaka masikio yakataka kupasuka. Miezi yote ya kazi imo humo."

"Ukasema imeibwa."

"Nilitaka RB tu. Karatasi ya polisi ya kuwapelekea wakubwa wa mradi. Wakisikia nilikwenda peke yangu, bila mwenzangu, wananifukuza. Simu inaibwa, kamera inaibwa, watu wanaandikiwa RB, yanakwisha. Sikumtaja mtu! Angalia maelezo yangu, sikumtaja Sudi hata mara moja."

"Ijumaa walipomkamata ulikuwa wapi?"

"Hapo nje."

"Ukaona anavyotembezwa."

"Niliona." Alianza kulia. "Nilisema nitasema Jumamosi. Jumamosi nikasema Jumapili. Jana tukaimba, nikasema nikitoka tu kanisani…"

Cresensia alikasirika, hasira safi iliyomfukuza homa kichwani kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. "Juisi yako nilikunywa," akasema. "Vaa viatu."

Kituoni aliandika maelezo mapya kwa mkono wake, akamfungulia Obed jalada la kutoa taarifa ya uongo, akamwita mwendesha mashtaka kuifuta kesi ya kesho. Obed aliomba msamaha mbele ya kaunta, kichwa chini. Sudi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mola akusamehe," akasema. "Mimi bado."

Somoe aliichukua kanzu ya mumewe kwenye mfuko, akaikung'uta. Cresensia akampa Sudi kopo lake la vifaa. "Uko huru, fundi. Nenda nyumbani."

Sudi hakwenda. "Mlinitembeza mchana, watu wakitazama. Mnirudishe vilevile. Si kwa gari. Kwa miguu, kijiji kizima, jua likiwaka."

Kwa hiyo Jumanne saa tatu, saa ile ambayo angekuwa kizimbani, watu wa Kiegeani walimwona Sudi akipita katikati ya kijiji amevaa kanzu nyeupe, Somoe kulia kwake, inspekta kushoto, na nyuma yao Koplo Isdory amebeba kopo la vifaa. Kila baraza Isdory alisimama, akasema kwa sauti, "Huyu bwana hakuiba. Nilikosea mimi." Watu waliitikia salamu. Wengine waliinamisha macho. Madirisha, hata hivyo, yalikuwa yametuliwa mapazia yake, moja baada ya jingine, mapazia ya Sudi mwenyewe, na hakuna aliyetweka. Sudi aliyahesabu kwa macho akitembea, na kadiri walivyokwenda mabega yake yalishuka.

Nyumba ya tatu baada ya Muhidini, Bi Mwanamkuu alikuwa mlangoni amejifunga kibwebwe, kikapu kichwani.

"Sudi! Wanipita hivyo? Henza ya chumbani mwangu imekatika tangu juzi, nalala na jua usoni. Ingia uifunge."

Sudi alisimama kizingitini. "Bibi, ngoja basi uingie nami. Uniangalie."

"Nikuangalie nini? Maji yamekupwa, mwani hautaningojea." Bibi alishuka barazani, akawapita wote wanne, akaelekea pwani bila kugeuka. Sauti yake ilirudi kutoka kwenye minazi, kubwa, isikike na jirani wa kumi.

"Sanduku langu liko chini ya kitanda, lisogeze likikuzuia. Ukimaliza, rudishia mlango."